Kibati Namba Kumi na Nne

Alifukuzwa kazi kwa kosa la kuzeeka, na kwa kosa la kuungua mkono, lakini kwenye barua hawakuandika hivyo. Waliandika "udanganyifu". Kwa neno hilo moja, ambalo yeye mwenyewe hawezi kulisoma, miaka kumi na tisa ya kupiga pasi makoti ya madaktari ilikunjwa kama tambara ikatupwa nje.

Wote walimwita Mama Makoti. Hata mlinzi wa geti, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma vitambulisho, hakulijua jina lake lingine.

Chumba cha dobi kilikuwa nyuma kabisa ya hospitali, jiko likiwa upande mmoja na tanuri la kuchomea taka upande wa pili. Shuka ziliingia kwa mlango wa huku zikiwa na damu na mengine yasiyotajwa wakati wa kula, zikatoka kwa mlango wa kule nyeupe, zimekunjwa, hata mgonjwa akilalia haamini kama kuna mwenzake aliyefia juu yake. Palikuwa na mashine tatu za kufulia, moja ya kukamulia, na ile kubwa ya kunyooshea: roli mbili ndefu za moto, mmoja anaingiza shuka mbichi, mwingine anaipokea kavu. Meza ya makoti ilikaa dirishani. Kola ya koti la daktari mkuu alikuwa akiipiga mara mbili, ndani kwanza, kisha nje, na daktari mkuu miaka yote hiyo hakuwahi kujua kwa nini kola yake haijikunji.

Mlangoni palikuwa na ubao wa vibati. Kila mfanyakazi alikuwa na kibati chake cha mviringo chenye namba, na kulabu mbili: nyekundu ya asiyekuwapo, kijani ya aliyefika. Ukija unakihamisha. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Ila korido ile ilikuwa nyembamba, na wanawake kumi na sita wenye vikapu hawawezi kusimama hapo saa kumi na mbili asubuhi kila mmoja akitafuta namba yake. Msimamizi wa zamani, mzee mpole aliyependa chai kuliko ugomvi, akatoa amri yake: "Wa kwanza kufika ahamishe vyote, watu waingie kazini. Asiyekuja nitamwona mwenyewe, macho ninayo." Na kweli, akishamaliza chai yake alikuwa akipita, anahesabu vichwa, anarudisha kwenye nyekundu vibati vya waliokosa. Mambo yakaenda hivyo miaka na miaka.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Makoti. Na alipoajiriwa Kicheko, mwanamke mdogo kwake kwa miaka kumi, aliyeitwa hivyo kwa sababu cheko lake lilishinda kelele za mashine, Mama Makoti ndiye aliyemfundisha kazi. Alimwonyesha jinsi ya kutoa damu kwa maji baridi, maana ya moto yanaigandisha. Alimwonyesha namna ya kushika ncha za shuka. Alimwonyesha na vibati. "Hamisha vyote, mdogo wangu. Usibague."

Wakawa mtu na dada yake. Chakula chao kikopo kimoja. Kicheko alipojifungua mtoto wa tatu, Mama Makoti ndiye aliyefua nepi, mtu ambaye kutwa nzima ameshinda akifua.

Mzee mpole akastaafu, na mwaka uliofuata akafa. Hakuna aliyewekwa mahali pake. Meneja mpya alisema dobi haihitaji msimamizi, ataisimamia mwenyewe. Huyu alikuwa mtu wa saa. Alikuwa akipita saa mbili kamili asubuhi, anasimama mbele ya ubao, ananakili namba zilizo kwenye kijani katika daftari lake, halafu anaondoka bila kuchungulia ndani kwa sababu ya mvuke na miwani. Wakambandika jina la Bwana Dakika. Lakini katika kucheka kwao hawakuona jambo moja: kuhamisha vibati vyote kulibaki, kurudisha vya waliokosa kulikwenda kaburini na yule mzee.

Siku moja Bwana Dakika aliwakusanya kati ya mashine.

"Mashine mpya zinakuja," alisema. "Na mashine mpya zinataka mikono mipya. Walio juu ya miaka arobaini na mitano tutawaangalia upya."

Mama Makoti alikuwa na arobaini na nane. Angenyamaza, yasingekuwa. Lakini mdomo wake haukuwahi kujua kufungwa.

"Samahani, bwana meneja. Hiyo mikono mipya inauzwa duka gani? Tuambie, tukanunue jozi jozi."

Dobi nzima ikalipuka. Kicheko alicheka hadi akashikilia mashine ya kukamulia asianguke. Bwana Dakika naye akatabasamu, lile tabasamu la mtu anayeandika moyoni.

Kabla mwezi haujaisha, wanawake wanne wakaitwa ofisini mmoja mmoja. Mkataba umekwisha, asante kwa huduma. Wote walikuwa watu wazima, na nafasi zao zikajazwa na wasichana ambao hawakujua upande wa juu wa shuka. Mama Makoti aliwafuata wale wanne majumbani. "Twendeni ofisi ya kazi, jamani, mko wanne na mimi wa tano." Mmoja alisema goti linamuuma. Mmoja akasema ameshamwachia Mungu. Waliobaki walimtazama tu kama anayewaletea deni.

Kisha akaungua.

Ile mashine ya roli ilikuwa na chuma cha kinga mbele, cha kuzuia vidole. Chuma hicho kililegea, kikafungwa kwa kipande cha shuka kuukuu, na kila wiki walikuwa wakiambiwa fundi anakuja. Asubuhi hiyo kitambaa kilikatika. Mkono wa kulia wa Mama Makoti ukaingia pamoja na shuka hadi kifundoni. Kicheko ndiye aliyepiga swichi, na ndiye aliyemburuta hadi kwenye bomba, akamfungulia maji huku akilia, "Dada, usiangalie! Dada, niangalie mimi!"

Bwana Dakika akaja. Akautazama mkono kwa mbali.

"Nenda nyumbani upumzike. Ukipona urudi. Ila usipitie mapokezi, utatuletea maneno. Toka kwa nyuma."

Akatoka kwa nyuma. Mtu ameungua ndani ya hospitali yenye vitanda mia mbili, akaenda kupakwa dawa dukani.

Alikaa nyumbani siku sita, binti yake akimlisha kwa kijiko. Binti huyo ndiye mtoto wake wa pekee, anashona nguo kwenye chumba cha mbele. Baba yake alikwenda zamani kununua betri za redio, na bado ananunua. Siku ya saba Mama Makoti akafunga mkono vizuri, akaenda kazini. Mlinzi akamwambia anaitwa ofisini.

"Ulikuwa wapi siku sita?" aliuliza Bwana Dakika.

"Nyumbani, bwana. Si wewe uliyenipa ruhusa?"

"Ruhusa iko wapi? Nionyeshe karatasi."

"Ulinipa kwa mdomo. Na mkono huu hapa."

Akafungua daftari, akaligeuzia upande wake, kama vile angeweza kulisoma. "Hapa namba yako, kumi na nne, iko kijani siku zote sita. Kwa hiyo ulikuwa kazini, na hukuwa kazini. Huo ni uchawi au ni wizi?"

Hapo ndipo alipoelewa. Kicheko alikuwa wa kwanza kufika siku zile sita. Alihamisha vyote. Hakubagua.

Barua ilikuwa tayari mezani. Nyumbani binti yake aliisoma hadi mwisho, akaikunja.

"Soma tena pale katikati."

"Wameandika udanganyifu, mama."

"Maana yake mimi ni mwongo?"

"Mwongo, mlaghai. Yote."

Alikwenda kuomba kazi hospitali nyingine, akaenda na nyumba moja ya wageni. Kila mahali waliipokea barua, wakaisoma, macho yakafika pale katikati, wakamrudishia kwa ncha za vidole. "Tutakupigia simu, mama." Simu hizo mpaka leo zingali njiani.

Basi akaenda ofisi ya kazi peke yake. Afisa alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, feni yake inazunguka bila upepo, mafaili yamempita kichwa.

"Shikamoo, mama. Ulifukuzwa lini?"

"Marahaba, mwanangu. Wiki tatu na siku mbili."

"Umebakiza siku saba. Wengi huja mlango umeshafungwa, walikuwa wanambembeleza tajiri." Akavuta fomu. "Kabla ya barua, uliitwa ukajieleze? Uliambiwa uje na mwenzako wa kukusemea?"

"Niliitwa kuchukua barua."

"Hilo kosa lao la kwanza. Kuungua kwako kuliandikwa kwenye kitabu cha ajali?"

"Walisema nipite kwa nyuma."

Afisa akatikisa kichwa. "La pili. Sasa sikiliza, mama yangu. Sheria hairuhusu mtu afukuzwe kwa umri wake, wala kwa kuumia akiwa kazini. Lakini hakuna tajiri atakayeandika, 'nimemfukuza kwa kuwa amezeeka.' Ataandika kitu kingine, na sisi tunabaki kukibomoa. Tunahitaji shahidi aliyekuwapo. Na wewe unadai nini? Fidia? Kurudi kazini?"

"Nataka lile neno litolewe."

Afisa aliweka kalamu chini. "Neno?"

"Hilo la udanganyifu. Mengine watakayotoa watoe."

Shahidi alikuwa mmoja tu. Aliyehamisha kibati na aliyemwaga maji mkononi walikuwa mtu yule yule. Mama Makoti alimfuata kwake Jumapili, akamkuta anasuka nywele za bintiye mlangoni.

"Nitasema, shoga!" Kicheko alimshika bega. "Nitasema hata wakinikata ulimi. Mimi ndiye niliyekuponza kwa kibati, mimi ndiye nitakayekutoa."

"Hukuniponza. Ulifanya nilivyokufundisha."

"Basi ndivyo nitakavyosema."

Mama Makoti alirudi nyumbani akala chakula chake chote, jambo ambalo binti yake alikuwa hajaliona tangu barua ilipokuja.

Usuluhishi ulishindikana, Bwana Dakika alituma wakili aliyesema "hapana" mara tatu akaaga. Shauri likapangiwa mwamuzi, miezi miwili mbele. Katika miezi hiyo Kicheko alikuwa na shughuli kila Jumapili. Mara mtoto ana homa, mara zamu imebadilishwa. Binti akamwambia mama yake, "Huyu anakukwepa." Mama Makoti akamkemea. "Mtu akiwa na watoto watatu hakwepi, anakimbizana."

Siku ya shauri chumba kilikuwa kidogo: meza, viti saba, dirisha linalotazama ukuta. Kicheko aliingia na wakili wa hospitali. Alikaa upande ule. Na kiunoni, juu ya gauni jipya, lilining'inia shada la funguo za stoo ya dobi. Msimamizi alikuwa amepatikana.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mama Makoti alizipiga pasi nguo miaka kumi na tisa asikione.

"Nani alihamisha kibati namba kumi na nne?" wakili aliuliza.

"Mimi," Kicheko alijibu, macho mezani.

"Kwa nini?"

"Alinituma. Kabla hajaondoka aliniambia niwe namhamishia."

"Na kuungua?"

"Sikuona. Nilikuwa upande wa kukamulia."

Mama Makoti akasimama. "Si wewe uliyenimwagia maji? Si wewe uliyekuwa ukilia?"

"Kaa, mama," mwamuzi alisema, wala hakuwa mkali. "Zamu yako ya kumuuliza inakuja."

Ikaja. Afisa wa kazi alikuwa amemwambia mapema: muulize kidogo kidogo, muulize kuhusu maji, muulize kuhusu yule mzee. Lakini yeye alikuwa na swali moja tu, na kwake lilitosha kumaliza shauri zima.

"Siku yako ya kwanza pale dobi, nani alikufundisha vile vibati?"

"Wewe, dada."

"Nilikuambia uhamishe vingapi?"

Kicheko alijiweka sawa kitini. Funguo zikalia kidogo.

"Vyote."

"Basi," Mama Makoti alisema, akakaa. Alikaa kama mshindi. Mtu yeyote aliyewahi kusimama katika korido ile na kikapu kichwani angeelewa: kama vyote vilihamishwa kila siku, kwa wote, basi hakutumwa mtu, hapakuwa na ulaghai, ni mwendo wa kazi. Aliwatazama waliokuwamo chumbani akingoja waelewe.

Mwamuzi hakuwahi kusimama katika korido ile. Akaandika alichosikia. Na uamuzi ulipotoka, binti aliusoma kwa sauti ofisini kwa afisa wa kazi, na mstari ulikuwa huu: mlalamikaji mwenyewe, kwa maswali yake, alithibitisha kwamba ndiye aliyemfundisha shahidi kuhamisha vibati vya wengine.

"Mama," afisa alisema kwa sauti ya chini, "ungeuliza ni nani aliyetoa ile amri."

"Aliyeitoa amekufa."

"Najua. Lakini ingeandikwa."

Ubaguzi wa umri haukuthibitika, kwa kuwa wale wanne hawakuja. Goti lilikuwa bado linauma. Ajali haikuthibitika, kwa kuwa ukurasa wa kitabu ulikuwa mweupe kama koti lililofuliwa. Hospitali ilionekana na kosa moja tu, kutomsikiliza kabla ya barua, ikaamriwa imlipe mishahara ya miezi miwili. Ililipa wiki ile ile, yote, bila usumbufu. Humo hana cha kudai. Sababu ya kufukuzwa ikabaki kama ilivyoandikwa.

Uliachwa mlango mmoja wazi: wiki sita za kuomba mapitio, kama utapatikana ushahidi mpya.

Jumamosi ya pili, mchana, Kicheko alikuja. Alisimama mlangoni bila funguo. Alikuwa amezificha au ameziacha. Mama Makoti alikuwa anapiga pasi ya mkaa sketi za wanafunzi, kazi ya majirani, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umekauka, vidole viwili havikunjiki tena.

"Dada, hodi."

"Mlango hauna komeo."

Aliingia, hakukaa. "Aliniita ofisini. Aliweka vitu viwili mezani, funguo na barua kama yako. Akasema nichague. Nina watoto watatu, dada."

"Na mimi nilikuwa nalea paka?"

"Usinitukane."

"Sijakutukana. Nakuuliza. Yule wa tatu, nepi zake nilizifua mimi. Nilikuwa nawafulia paka?"

Kicheko akalia. Hakulia kama siku ile ya bomba. Alilia kwa kujifuta haraka, kama anayeogopa kuchelewa mahali. Mama Makoti aligeuza sketi, akapiga upande wa pili.

"Bado kuna wiki nne," alisema. "Nenda kwa yule afisa. Sikuambii umchongee meneja, sikuambii urudishe funguo. Sema neno moja tu. Sikutumwa. Ukishasema hilo, mengine watayafungua wenyewe."

"Nitakwenda Jumatatu."

"Jumatatu ipi?"

"Hii, dada. Haki ya Mungu."

Ikapita ile, ikapita iliyofuata. Jumatatu ya mwisho Mama Makoti alivaa gauni lake jema, akaenda kukaa kwenye benchi la nje ya ofisi ya afisa tangu mlango ulipofunguliwa. Watu waliingia na kutoka. Kila kiatu cha mwanamke kilichogonga ngazi alikiinulia uso. Adhuhuri afisa alimletea maji. Saa tisa alimwambia, "Mama, si lazima ungoje." Akasema, "Korido ya kwetu ni nyembamba, labda wanapishana." Saa kumi na nusu mlinzi alikuja na kufuli, na afisa akatoka na mkoba wake, akamshika mkono ule mbovu kwa uangalifu, wakashuka ngazi pamoja.

Sketi za wanafunzi zinamtosha kwa kodi na chumvi. Watu wanasema, shukuru, ulilipwa. Ni kweli alilipwa, na fedha zile zimeshakwisha.

Hospitali bado inadaiwa mstari mmoja katika kitabu cha ajali, kwenye ukurasa wa siku ile, useme kwamba chuma kilifungwa kwa tambara na mwanamke aliungua. Bwana Dakika anadaiwa kufuta neno moja kwenye barua. Na Kicheko anadaiwa lile lake. Wiki sita zimepita, mwamuzi hatalipokea tena, lakini Mama Makoti angelipokea. Hata akija kulisemea pale pale mlangoni, juu ya sketi za watu, bila mwamuzi wala wakili: sikutumwa.